Zamu za Mama

Da Zuhura 06:14
Asalamu alaykum. Leo siku ya pili tangu Mama atoke tieta. Nataka jina la zamu ya leo usiku na watu wa kuchangia damu, mkisoma mjibu

Da Zuhura 09:40
Tupo 14 humu, wamesoma 11. Haya.

Juma 10:02
Da Zu mbona kwenye picha uso umevimba hivyo wamemfanyaje

Da Zuhura 10:09
Kawaida hiyo, daktari kanieleza. Moyo waliusimamisha kwa dawa yenye potasiamu, damu ikawa inatoka inapita kwenye mashine inatiwa oksijeni inarudi, sasa ikigusa ile mipira ya plastiki mwili unadhani umevamiwa, mishipa inavujisha maji mwili mzima unajaa. Na mipira yenyewe hujazwa maji ya dripu kwanza kwa hiyo damu imekuwa nyepesi. Anapewa dawa ya kukojoa atapungua

Side 10:11
kwa hiyo tunamchaji kwa waya au ana betri 😂

Mwanaidi 10:11
😂😂😂

Da Zuhura 10:12
Side leo usiku wewe

Side 10:20
nina kazi

Da Zuhura 10:20
Kama ulivyokuwa na kazi wakati wa Baba

Side 10:21
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi 10:34
Jamani jana mi nililia. Kaniita jina la marehemu bibi, kaniambia nimfukuze paka ukutani. Akili itarudi??

Da Zuhura 10:36
Nesi kasema wengi huchanganyikiwa siku za mwanzo, hurudi. Aongeleshwe, asilale mchana, avae miwani yake. Miwani anayo NANI? Na damu bado, zile chembe za kugandisha zinachakaa mle mashineni, halafu walimpa heparini isigande mipirani wakaja kuizima kwa protamini

Side 10:37
Heparini bint Protamini, mtoto akizaliwa jina tunalo

Babu 11:50
Zuhura. Mimi nilipopasuliwa hamkuniona nilivyovimba, mlikuja nimeshapungua. Usiku wa tatu moyo ukaanza kwenda mbio ovyo ovyo. Aliyekimbia kuita nesi ni Side. Ya Baba yenu sitaki kuyasikia tena humu. Na leo ndio usiku wa tatu.

Mwanaidi 12:31
🙏

Side 13:05
shikamoo babu. ntajaribu kubadilishana kazini

Da Zuhura 13:06
Kujaribu si jina. Nakuandika kwa penseli. Damu?

Juma 16:48
Miwani hii hapa nimeikuta kwenye koti langu