Naomba ushauri: wanafunzi wanabofya vidokezo badala ya kukokotoa

Habari zenu walimu. Nafundisha tuisheni ya hisabati kidato cha kwanza, waliobaki nyuma, kwa programu ya kompyuta. Kwenye 1/6 + 1/3, aliyejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini) akapata 2/9 na aliyeacha 3/6 bila kurahisisha wanapewa alama nyekundu ileile. Huyu wa pili anafuta hata hatua zilizo sahihi, inaumiza sana. Wengine wanabofya vidokezo hadi jibu litokee, wananakili, na programu inawapandisha ngazi.

Nimewataka waandike KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) na hatua zote daftarini kabla ya kugusa kibodi. Wanaandika baada ya kuona jibu.

Je, nizime vidokezo, au turudi kwanza kwenye karatasi? Na mnapimaje kama mtoto ameelewa kweli? Natanguliza shukrani.