MREJESHO: Mdogo wangu na maneno magumu kwenye ufahamu wa Kiingereza

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba msaada kuhusu mdogo wangu wa kidato cha nne, huku Tanga. Akikutana na neno asilolijua kwenye ufahamu wa Kiingereza, anakwama hapo hapo mpaka muda unakwisha.

Asanteni sana. Tulifuata ule ushauri wa kufunika neno kwa kidole, kusoma sentensi nzima, kisha kuziba pengo kwa neno la Kiswahili. Jioni moja barazani nilimpa hii, neno gumu likiwa "scarce": "Water was scarce, so the women walked for hours to find it." Akaing'ang'ania ile "so" (kwa hiyo), akasema, "Dada, kama wametembea masaa, basi maji yalikuwa haba." Nilifurahi mno!

Moko, yaani mtihani wa majaribio, imetoka. Ufahamu kaumaliza wote kwa mara ya kwanza, msamiati kapata manne kati ya matano. Lililomponza ni "hardly". "He hardly slept" yeye kaelewa jamaa alilala fofofo, kumbe alilala kidogo mno. Hakujisumbua kutazama sentensi iliyofuata kwa sababu aliamini neno analijua.

Ule ushauri mwingine wa kutazama viambishi vya mwanzo wa neno, kama "un-" na "dis-", bado hatujaugusa. Tunauanza wiki hii.