Fundi kaweka hadi diski yangu kwenye friza la samaki, mazabodi kaikaanga jikoni, na bado anadai hela

Wakuu habari zenu. Niko Mtwara mjini, nina duka la rejareja na steshenari humo humo, na leo nimekuja na hasira zangu zote, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Mwezi wa nane mtoto alijikwaa kwenye waya wa chaja, laptopu ikadondoka kutoka kaunta mpaka kwenye simenti. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Laptopu yenyewe ni mtumba haikuniuma sana, kilichoniuma ni kilichomo ndani, MADENI. Mtu wa kusini ananielewa. Huku watu wanachukua sukari, sare za watoto, madaftari, wanakwambia dada we andika, ntalipa msimu. Na msimu ni korosho, minada ikianza mwezi wa kumi na hela zikishaingia ndo mtu anakuja kupunguza. Nina watu wa Naliendele, wa Nanguruwe, wa Mikindani, wako zaidi ya mia na wote wapo kwenye faili moja.

Nikapeleka kwa fundi, nikamwambia kaka usihangaike na laptopu, nitolee mafaili tu. Akatoa diski, kile kifaa cha ndani kinachohifadhi mafaili, akaichomeka kwenye kava la USB kwenye kompyuta yake, na mafolda yakaja! Folda la MADENI nimeliona kwa macho yangu, lipo pale, ila linafunguka taratibu mno na diski inalia tik... tik... tik. Yani hapo ndo pa kukopi lile folda moja tu, kama linagoma unazima, unaniambia dada hii imenizidi. Yeye akachomoa akasema hii inataka baridi, niachie mpaka kesho.

Kesho yake nafika nakuta diski yangu inatolewa kwenye friza la dada wa jirani anayeuza samaki. Ipo kwenye kifuko cha barafu, imelala pembeni ya samaki aina ya changu. Akaifuta futa na fulana, akaichomeka pale pale. Ikakwaruza sauti moja kama kijiko kwenye sufuria, ikanyamaza. Mpaka leo haijaonekana tena kwenye kompyuta yoyote.

Nimekaa usiku kucha kadhaa nasoma hili jambo. Friza lilikuwa na maana kidogo kwa zile diski za zamani za miaka ya 90, ambazo vichwa vya kusomea vilikuwa vinaganda kwenye sahani (zile duara za ndani zinazobeba mafaili) au beringi inakaza, baridi ikisinyaza chuma kidogo labda inaachia mara moja. Diski za laptopu za siku hizi zikizimwa vichwa vinapanda kupumzika pembeni kabisa, havilali juu ya sahani. Yangu ilidondoka, ugonjwa wake ulikuwa kuumia kichwa, sasa mtu kavunjika mguu we unampa dawa ya minyoo? Halafu unyevu wa hapa kwetu na bahari hii! Toa soda ya baridi saa saba mchana uiweke mezani, haijaisha dakika chupa inatiririka. Diski ina kitundu cha kupumulia, hewa inaingia, na diski ikiwa ya baridi namna ile maji yanatua mpaka juu ya sahani. Kichwa kinapita juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele uliogawanywa mara elfu kadhaa. Unawasha kitu kimelowa hivyo, unategemea nini?

Nikadhani yameishia hapo. Siku tatu baadae ananipigia, dada mazabodi nayo (ile bodi kuu ya laptopu) chipu ya VGA, yani ya picha, imeachia, nimeipasha. KAIPASHA KWENYE JIKO LA MKAA. Sufuria, mchanga kidogo chini, mazabodi juu, kafunika. Nilipoenda soketi za plastiki zimelegea kama mshumaa, moja imekunjamana mpaka pini zinaonekana. Na lile sufuria siku hiyo hiyo nimelikuta linachemshiwa maji ya chai. Moshi wote ule wa plastiki na kemikali za kuchomelea, halafu mnywe chai humo, na watoto wapo.

Hii ya kuoka nayo ina asili yake. Mwaka 2008 kampuni ya chipu za picha ya Nvidia walikiri chipu zao za laptopu zina kasoro, wakatenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa ajili hiyo, na watu majuu wakawa wanaweka bodi kwenye oveni kama nyuzi 200 kwa dakika nane hivi. Zikawaka, watu wakashangilia, wengi baada ya wiki chache zikafa tena. Solda, ile ya kuchomelea chipu, isiyo na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 217 huko, kwahiyo nyingi wala haikuyeyuka, chipu ilitanuka tu kwa joto ikagusana kwa muda. Na hiyo ni oveni yenye kipimo, mkaa unaupima na nini? Na nani alisema yangu ilikuwa chipu? Kitu kikidondoka kikawa cheusi unaanza na RAM, kile kibao kidogo cha kumbukumbu, unaitoa, unasugua meno yake na ufutio wa penseli, unairudisha. Huo nao ni ujanja wa nyumbani ila unafanya kazi na hauharibu kitu. Hakuifungua hata RAM, nilimuuliza. Sasa sitajua kamwe tatizo lilikuwa nini maana ushahidi kaukaanga.

Nikimuuliza kwanini, jibu ni moja, "kuna mteja wa Masasi ilikubali". Na hapa wakuu nawasema na nyie. Kila mtu humu akiuliza mashine imeingia maji anajibiwa weka kwenye mchele, osha na nipa, paka dawa ya meno kwenye prosesa, mimi ilikubali. Nipa ni pombe ya kienyeji ya mabibo, ina maji yake, unamwagia kwenye bodi? Mchele Apple wenyewe mwaka 2024 wamewakataza wateja wao, chembe zake zinaharibu simu. Wale ambao haikukubali hawarudi kuandika, ndo mi nimerudi.

Anadai elfu arobaini ya ufundi. Sitoi hata mia.

Diski ipo kwenye droo, nimeizungushia kitambaa kikavu, hakuna atakayeiwasha tena. Mwenye kumjua mtu Dar anayefungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, mtu wa uhakika ambaye umempelekea mwenyewe ukarudishiwa mafaili, aniandikie bei na inachukua siku ngapi, mnada wa kwanza haujafika bado. Anayetaka kuniambia niipige piga kofi au niianike juani naomba apite tu.