Naomba ushauri: kiwanda tunachokilalamikia kinataka kutuchimbia kisima

Wakuu, habari zenu. Tuna kikundi cha wakazi kinachodai kiwanda jirani kiache kumwaga majitaka mtoni. Hatuna ofisi wala mfadhili. Tuna daftari tu: tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, na picha za simu. Kina mama ndio wanaolijaza, maana ndio wachotaji.

Sasa kiwanda kimekuja kwa upole. Kitatuchimbia kisima na kuajiri vijana kadhaa, mradi tusaini kwamba hatutalalamika tena. Nusu ya wenzetu wanataka tukubali, na siwalaumu. Njaa haisubiri hukumu. Ila kisima hakisafishi mto, na sumu huweza kupenya ardhini ikafika humo humo kisimani.

Najua mambo haya huchukua muda. Warren County, Marekani, mwaka 1982 wakazi walilala barabarani kuzuia malori ya udongo wenye sumu. Zaidi ya 500 wakakamatwa, udongo ukafukiwa vilevile kwenye dampo la huko, na kusafishwa kwake kulikamilika baada ya takriban miaka 20. Nani kwetu atavumilia hivyo?

Mliopitia haya, kuna namna ya kupokea kisima bila kusaini kunyamaza? Na sampuli za maji zichukuliwe vipi zisije zikakataliwa mahakamani? Nasikia lazima iandikwe kila aliyezishika, toka mtoni hadi maabara. Je, wakazi tunaweza kuzichukua wenyewe, au ni lazima awepo mtaalamu? Mwanasheria wa kujitolea mnampataje?