Kukaa kimya kunasaidia kazi ya sanaa, au napoteza muda?

Kalamu Kavu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mchora katuni, nachorea gazeti moja hapa Dar pamoja na kazi ndogondogo za vitabu vya watoto. Tangu mwaka uanze nachora walewale: bosi mnene, mlevi, bodaboda. Rafiki kanishauri nifanye taamuli, niwe nakaa asubuhi nimefumba macho, nafuata pumzi. Kukaa nakaa, lakini kinachonijia ni kodi ya nyumba na luku. Kuna msanii humu jambo hili limemsaidia kwenye kazi yenyewe, siyo kwenye presha? Nawasilisha.

Bishoo wa Buguruni:
Mkuu, lipa kodi kwanza ndiyo ufumbe macho. Utaona hadi malaika.

Mchonga Mpingo:
Acha masihara, kijana kauliza jambo la maana. Mimi nachonga vinyago Mwenge, kanifundisha baba mdogo aliyetoka Newala. Gogo la mpingo likifika, sishiki tezo siku hiyo. Nalisimamisha, nakaa mbele yake. Chini ya gome kuna weupe, ndani ndiyo weusi unaotafutwa, na humo kuna nyufa na matundu usiyoyaagiza. Wanaochonga ujamaa, ile ya watu waliopandana mabegani, wanataka gogo lililonyooka. Sisi wa mashetani, vinyago vya mizimu, tunapenda lililopinda, maana tundu laweza kuwa jicho au tumbo. Basi unaligeuza, unalitazama, unanyamaza. Baba mdogo alikaa hivyo hadi chai ikapoa, na ole wako umsemeshe.

Ila ukikaa mbele ya gogo huna hadithi kichwani, utaona kuni. Bibi alitusimulia habari za mtu wa kwanza, aliyeishi porini peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga mti kwa sura ya mwanamke, akausimamisha hapo alipolala. Usiku ukawa mwanamke kweli. Wakazaa karibu na mto Ruvuma, mtoto akafa. Wakahamia bonde la Mbemkuru, wa pili naye akafa. Wakapanda juu, Mahuta, wa tatu akaishi. Ndiyo maana sisi Wamakonde hatukai bondeni. Bibi akifika kwa yule mtoto wa pili alikuwa anaacha kubangua korosho, ananyamaza, na hakuna aliyethubutu kuuliza "halafu?" Mama yule nimeshamchonga sana, na kila gogo linamtoa kivyake.

Pumzi fuata, sina ugomvi nayo. Lakini jioni tafuta mtu mzima akusimulie.

Mama Viua:
Umesema kweli kaka. Huku kwetu Unguja, tukishona kofia mkono huenda wenyewe, kitobwe baada ya kitobwe, yaani vile vitundu vya nakshi, na kofia moja hula miezi. Huyu ataleta uradi, dhikri ya kurudiarudia, yule hadithi. Marehemu mama akisema "Paukwa!", sote "Pakawa!", na sindano haisimami. Mwanangu, kama hujazoea kukaa bure umefumba macho, upe mkono kazi nyepesi kwanza. Miye mitindo mipya ya viua, hayo mapambo ya kofia, hunijia kwenye uradi. Nikikaa kuitafuta makusudi hainiji.

Kalamu Kavu:
Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mzee, katuni inatakiwa Alhamisi, na karatasi yangu haina ufa wala tundu. Naanzia wapi?

Mchonga Mpingo:
Marahaba. Karatasi iache kwanza. Kesho panda daladala, simu itie mfukoni, kaa dirishani. Chagua abiria mmoja, umtungie siku yake tangu alipoamka: kagombana na nani, kwenye ule mfuko kabeba nini, kwa nini kavaa viatu vya harusi Jumanne. Ukifika nyumbani ndipo ufumbe macho, na akirudi kichwani mchore huyo. Yule bosi mnene mpe likizo, tumemchoka.