Baindingi za snoubodi: miguu ya bata ama zote mbele? Goti linanisumbua

MtuWaSection58
Wadau habari zenu. Januari naenda kwa dada yangu Calgary, na shemeji alipokuja likizo aliniachia snoubodi yake, ule ubao wa kuteleza kwenye theluji, hapa Nakuru nizoee kusimama juu yake, sasa iko sebuleni juu ya mkeka na baindingi, vile vishikio vya buti, zimenishinda. Alizifunga mbele digrii 15 nyuma minus 15, ile ya miguu ya bata, vidole vinaangalia nje pande zote. Nikikunja magoti hivyo, dakika kumi haziishi goti la kulia linaanza kuuma kwa ndani, ndilo la nyuma na ndilo niliumiza kwa mpira. Binamu anasema nizigeuze zote ziangalie mbele, 21 na 6. Aliyetumia zote mbili aniambie ukweli.

Ja_Kondele
Omera karibu. Nimefanya kazi hoteli Austria misimu miwili ya baridi na nimeteleza na zote. Bata ni nzuri kwa mgeni kwa sababu utajipata unateremka kinyume mara nyingi sana, na miguu ikiwa hivyo kila upande ni sawa tu. Zote mbele ni tamu ukishajua kukata kona kwa ukingo, unaangalia unakoenda na kiuno kinafuata, lakini goti la nyuma linavutwa ndani na kuteremka kinyume ni shida tupu, wiki ya kwanza singekushauri. Jaribu katikati, mimi niliishia 18 na minus 6.

skeita_wa_naks
Bata tu, usiguse kitu. Utazoea.

Mwalimu_PE_Kakamega
Hapo napinga. Uchovu wa paja unazoeleka, maumivu ya goti hayazoeleki. Ndugu yangu, chukua chaki, simama kwa simiti bila viatu, ruka kidogo mara tano na kila ukitua chora nyayo zako palepale zilipo, hizo alama ndizo zitakuonyesha nyonga zako zinataka nini, na usishangae mguu mmoja ukitoka nje kuliko mwingine. Halafu panda bodi, chuchumaa nusu, angalia chini: goti lifuate kidole cha pili. Likiangukia ndani ya kidole gumba umefungua mguu kuliko nyonga inavyokubali, punguza digrii tatu ujaribu tena. Na shemeji ana urefu gani? Watu wanapigana na digrii kumbe shida ni upana.

MtuWaSection58
Mwalimu! Shemeji ni futi sita na kitu, mimi tano na nne. Nimepima na tepu ya fundi wa nguo, katikati ya baindingi moja hadi ingine ni sentimita 60. Na chaki inaonyesha mguu wa kushoto umetoka nje vizuri, wa kulia karibu umenyooka.

Ja_Kondele
60 kwa futi tano na nne! Umepanuliwa kama mtu anaruka mtaro. Mashimo ya skrubu kwenye bodi yameachana sentimita mbili, ingiza kila upande mawili upate 52.

MtuWaSection58
Nimefanya hivyo, nyuma nikaweka minus 3, mbele 15 imebaki. Nimesimama nimekunja magoti tangu taarifa ya saa moja ianze mpaka wakafika michezo, goti kimya kabisa. Asanteni sana, nilikuwa nimeanza kuogopa safari.

Mwalimu_PE_Kakamega
Nimefurahi. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, na ubebe bisibisi mlimani, ukishuka mara ya kwanza uzikague tena.

Ja_Kondele
Na mguu ukinyooka hivyo vidole vya buti vinatokeza zaidi ukingoni, kwa hivyo ukipata buti huko inamisha bodi kwanza uone kama zitagusa theluji.