Mrejesho: Yule ndege wa bustanini ni bundi kweli

Wiki iliyopita niliuliza ni ndege gani mkubwa niliyemwona mchana kweupe katika bustani ya mjini, akiwa ametulia tuli karibu na shina la mti huku ndege wadogo wakimzonga kwa kelele. Wengi mlisema ni bundi, nami nakiri sikuamini, kwa kuwa nilidhani bundi hukaa magofuni na misituni tu.

Nilirudi jioni nikamkuta kwenye tawi lile lile, na safari hii alinigeukia: uso mweupe wenye umbo la moyo, macho meusi, mgongo wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu. Chini ya mti niliokota matonge matatu meusi, manene kama kidole gumba. Nilipolipasua moja kwa kijiti, nikakuta fuvu zima la panya, meno yake ya manjano yakiwa bado yamo, limeviringishwa katika manyoya. Kumbe bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya yasiyomeng'enyeka. Basi na swali langu la pili, yaani anafuata nini mjini, likawa limejibiwa.

Ushauri mlionipa baadhi yenu wa kummulika kwa tochi niliuacha, maana sikutaka kumsumbua. Giza lilipoingia alipita juu ya kichwa changu bila sauti yoyote, kwa sababu kingo za manyoya ya mbawa zake zina vishungi laini vinavyovunja mvumo wa hewa. Picha niliyopiga, kwa bahati mbaya, ni ukungu mtupu.